Barua Pepe za Kitapeli na Anwani Zinazofanana na za Kweli

Barua taka, yaani ujumbe wa barua pepe unaotumwa kwa watu wengi ambao hawakuuomba, ilianza kabla ya intaneti yenyewe: tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo la biashara kwa mamia ya watumiaji wa ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani, akalaumiwa vikali. Tangazo lile lilikera tu, halikumwibia mtu. Wizi ulikuja baadaye, na jina la Kongo likatumika sana. Mobutu, rais wa nchi hiyo, alipoangushwa Mei 1997 na kufariki mjini Rabat Septemba mwaka huohuo, zilisambaa barua zilizodai kuandikwa na mjane wake au mwanawe, eti anatafuta mgeni mwaminifu wa kupokea mamilioni ya dola yaliyofichwa.

Wengi huzicheka barua hizo kwa uzembe wake, ingawa uzembe huo una faida. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza kwamba kutuma barua milioni moja hakumgharimu tapeli karibu chochote, lakini kumjibu kila anayeandika kunamlia muda, na anayemtia hasara kubwa ni yule anayeanza kuamini kisha akashtuka kabla ya kulipa. Kwa hiyo hadithi isiyoaminika hufanya kazi ya chekeche: werevu hudondoka mapema, wakabaki wachache walio tayari kwenda hadi mwisho.

Huko Kiwanja, mji wa eneo la Rutshuru, mashariki mwa Kongo, ulio kaskazini mwa jiji la Goma na ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 Oktoba 2022, tapeli hahitaji chekeche. Kijana mwenye shahada, anayejua kwamba ajira nyingi za maana ziko katika mashirika ya misaada, anaingoja barua ya kuitwa kazini, na barua ya uongo huandikwa kwa Kifaransa safi, ikiwa na nembo, muhuri na namba ya faili. Kisha huombwa dola chache za kushughulikia faili hiyo, zitumwe kwa simu. Na kwa kuwa benki za Goma zilifungwa baada ya vita vya Januari 2025, malipo ya namna hiyo hayamshangazi mtu. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri.

Kughushi kunawezekana kwa sababu kanuni za kusafirisha barua pepe, alizoziandika Jon Postel mwaka 1982, ziliiruhusu kompyuta inayopokea kuamini jina lolote ililotajiwa. Ukaguzi uliongezwa baadaye: mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @, hutangaza kompyuta zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba yake, na barua hutiwa sahihi ya kihesabu. Hata hivyo ukaguzi huu huthibitisha kikoa, si uaminifu wa mwenyewe; aliyenunua kikoa kinachofanana na cha shirika hufaulu bila kughushi chochote. Simu nyingi huonyesha jina la mtumaji pekee, hivyo ni lazima kuligusa ili anwani itokee, kisha kuisoma kuanzia mwisho: inayoishia na @un.org au .un.org ni ya Umoja wa Mataifa, lakini un.org ikitanguliwa na herufi nyingine bila nukta wala @, au ikifuatwa na nukta na neno jingine, mwenye kikoa ni mtu mwingine.

Dola zikipotea, hasara huishia hapo. Picha ya kadi ya mpiga kura, ambayo tapeli huiomba pia na ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mkongomani, ni jambo zito zaidi, kwani ikishatumwa hairudishwi, na laini ya simu inaweza kusajiliwa kwayo ili ipokee fedha za mtu atakayetapeliwa baadaye, naye akienda kushtaki, jina litakalotajwa ni la yule aliyekuwa akitafuta kazi.