Upana wa Tairi la Pikipiki ya Zamani: Pima Rimu Kabla ya Kulipa

Mwenye pikipiki ya zamani anapokwenda dukani kutafuta tairi, mara nyingi huambiwa kwamba saizi aliyoitaja haipo. Badala yake muuzaji humletea jingine lililo pana zaidi na kumhakikishia kuwa "linaingia". Neno hilo huwa la kweli, ila halitoshi. Karibu kila tairi lenye kipenyo kinacholingana na rimu litaingia fundi akilikaza kwa nguvu. Suala ni kama litakaa inavyopasa, na kama litaendelea kukaa hivyo pikipiki itakapokuwa kwenye kona, imebeba watu wawili na barabara imelowa.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya wenye pikipiki zilizotengenezwa katika miaka ya 1980 na kurudi nyuma: BSA za Uingereza, Honda ndogo za mjini, Yamaha XT500, na nyinginezo zilizorithiwa au zinazotunzwa kwa mapenzi. Ushauri wetu wa kwanza huwashangaza wengi. Usichukulie tairi lililopo kwenye pikipiki kuwa ndiyo kipimo chako. Chombo kilichoishi miaka 40 au 50 kimepita mikononi mwa wamiliki na mafundi kadhaa, na kila mmoja alifunga alichokipata. Tairi unalolikuta leo linakueleza mwenye chombo wa mwisho alipata nini sokoni, na halikuelezi kiwanda kiliagiza nini. Rimu nayo huenda ilikwisha kubadilishwa.

Wala jina la pikipiki pekee halitoshi. BSA Bantam ya toleo la D1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilitumia tairi 2.75-19 mbele na nyuma. Toleo la D7 la mwaka 1959 lilitumia 3.00-18. Majina ni yaleyale, lakini tairi la hii halifungiki kwenye rimu ya ile. Ikiwa kitabu cha pikipiki kingalipo, kitunze kama unavyotunza kadi ya usajili.

Kusoma namba za ubavuni

Katika matairi ya zamani, 3.00-18 maana yake ni upana wa takriban inchi 3, yaani milimita 76, kwa rimu yenye kipenyo cha inchi 18. Kimo cha tairi, kutoka ukingo wa rimu hadi juu ya meno, hakikuandikwa kwa sababu kilichukuliwa kuwa karibu sawa na upana. Matairi ya leo huandikwa kwa milimita: katika 90/90-18, namba ya kwanza ni upana wa milimita 90, na ya pili inaonyesha kwamba kimo ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81.

Kati ya mifumo hiyo miwili upo mwingine unaowachanganya wengi. Saizi kama 3.60 na 4.10 ni za inchi pia, ila tairi lake ni fupi kwa kimo kuliko upana wake. Ndiyo maana 4.10-18 huwa na kipenyo kinachokaribiana sana na cha 3.50-18, ingawa ni pana zaidi. Mnunuzi anayedhani kwamba 4.10 ni 4.00 iliyoongezwa kidogo atashangaa kuona gurudumu lake limekuwa dogo.

Rimu ndiyo yenye neno

Kila saizi ya tairi hutengenezwa kwa ajili ya rimu za upana fulani, kuanzia kiasi cha chini hadi cha juu. Upana wa rimu hupimwa kwa ndani, baina ya kuta mbili ambamo kingo za tairi hukaa. Ukipima kwa nje utapata namba kubwa mno, na kosa hilo ndilo linalotokea sana. Kwa kawaida upana huo umegongwa kwenye chuma chenyewe, mathalani 18×1.60. Rimu za Uingereza za zamani hutumia alama nyingine: WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni 1.85 na WM3 ni 2.15. Ikiwa kutu imefuta alama, toa tairi na upime kwa rula. Inchi 1.60 ni kama milimita 41, 1.85 ni milimita 47, na 2.15 ni kama milimita 55.

Kwa jumla, rimu ya 1.60 huchukua vizuri 2.75 na 3.00, ya 1.85 huchukua kuanzia 3.00 hadi 3.50, na ya 2.15 huchukua 3.25 hadi 4.00. Watengenezaji hutofautiana kidogo, hivyo maelezo ya kampuni iliyotengeneza tairi lenyewe ndiyo ya kufuatwa.

Sasa tuchukue mfano wa pikipiki inayotakiwa kuwa na 3.00-18, na rimu yake ni 1.60. Majedwali ya kubadilisha inchi kuwa milimita, ambayo baadhi ya maduka huyabandika ukutani, yatakuonyesha kwamba tairi la mbele la 3.00 linalingana na 90/90. Hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Jedwali hilo linaonyesha tairi lipi linakaribiana na lipi kwa ukubwa. Halisemi lolote kuhusu rimu. Kwa kawaida 90/90-18 hutaka rimu ya 2.15, na kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 1.85. Kwa rimu ya 1.60 ni pana mno. Mbadala unaofaa zaidi ni 80/100-18, saizi inayotumika kwenye pikipiki nyingi za Kihindi na kwa hiyo haisumbui kupatikana. Kwa hesabu, kipenyo chake ni milimita 617, na cha 3.00-18 ni kama milimita 610. Tofauti inazidi kidogo asilimia 1.

Tairi pana likifungwa kwenye rimu nyembamba, kingo zake huvutwa kuelekeana. Juu yake hupoteza umbo la duara na kuchongoka, kwa hiyo pikipiki ikisimama wima, ni ukanda mwembamba wa katikati tu unaogusa lami. Upana uliolipiwa hautumiki. Mbavu nazo, kwa kuwa hazikushikiliwa vyema chini, huyumba pikipiki inapolazwa kwenye kona, na dereva huhisi kana kwamba gurudumu la nyuma linataka kwenda njia yake. Kunyumbuka huko huzalisha joto, na joto ni adui wa mpira. Kinyume chake, tairi jembamba kwenye rimu pana hulala bapa, na kingo za rimu hubaki wazi kupokea kila jiwe na kila shimo. Hali hii ya pili ni adimu, lakini tunaitaja kwa sababu hutokea pale rimu ya asili ilipobadilishwa.

Je, tairi pana halishiki barabara zaidi?

Imani hii ina nguvu sana, nasi hatuwalaumu wanaoiamini, maana pikipiki za kisasa zenye mwendo mkali zina matairi mapana kweli. Lakini tufanye hesabu. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 120, na tairi lina upepo wa 30 kwenye geji ya PSI, ambao ni kama kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya, utapata eneo linalogusa barabara la takriban sentimita za mraba 57, yaani kubwa kidogo kuliko kadi ya benki. Ukifunga tairi pana zaidi na kuweka upepo uleule, uzito haujabadilika, hivyo eneo hilo nalo halibadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo lake: linakuwa fupi kwa urefu na refu kwa upana. Ugumu wa tairi lenyewe hubadili hesabu hii kidogo, ila si kwa kiasi cha kugeuza jibu.

Pikipiki za kisasa zilipopewa matairi mapana, zilipewa pia rimu pana, fremu ngumu zaidi na usukani uliopangwa upya. Pikipiki ya mwaka 1965 haina hata kimoja katika hivyo. Watengenezaji wa zamani hawakuwa wabahili wa mpira. Tairi jembamba lilikuwa sehemu ya hesabu yao yote, na wepesi wa kukata kona ambao wapenzi wa pikipiki hizo huusifia unatokana kwa sehemu na wembamba huo. Kwa sababu hiyo tunashauri gurudumu la mbele lisipanuliwe kabisa kupita kiwango cha kiwanda, isipokuwa kwa ile tofauti ndogo inayotokana na kuhama kutoka inchi kwenda milimita.

Upo pia upande wa gia na spidi. Aliyekuwa na 3.00-17 nyuma akafunga 100/90-17, ameongeza kipenyo kutoka takriban milimita 584 hadi 612, karibu asilimia 5. Kwa injini ndogo hiyo ni sawa na kurefushiwa gia zote kwa pamoja, mlimani ataibaini. Na kwa pikipiki ambazo spidi hupimwa kwa waya unaotoka gurudumu la mbele, tairi kubwa la mbele litaifanya saa ionyeshe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli.

Nafasi ya kuzunguka

Hata tairi linalopatana na rimu laweza kukosa nafasi. Angalia sehemu nne: mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, cheni, chuma cha breki, na madigadi pamoja na nati zake. Fanya hivyo gurudumu likiwa limesogezwa mbele kabisa kwenye marekebisho ya cheni, na mtu mzima akiwa ameketi. Ikiwa kidole chako kidogo hakipiti mahali fulani bila kukwaruzwa, tairi hilo ni kubwa mno.

Katika lalamiko moja lililotufikia, tairi la nyuma lilizunguka vizuri gereji. Siku ya pili mwenye pikipiki alimpakia mkewe. Springi zikashuka, na nati ya madigadi ikaanza kuchana tairi katikati kwa kila shimo. Waliligundua walipoteremka, kwa harufu ya mpira. Duka lilikataa kulipokea kwa hoja kwamba limekwisha kutumika. Mnunuzi alikuwa na risiti, lakini haikuonyesha tairi liliuzwa kwa ajili ya pikipiki gani.

Fundi asikubali kutatua ukosefu wa nafasi kwa kuongeza washa upande mmoja ili gurudumu lisogee. Magurudumu mawili yasiyofuatana katika mstari mmoja ni hatari kuliko tairi kuukuu lililokuwa linatolewa.

Kabla ya kulipa

Saizi za zamani hazitoki haraka dukani, na tairi laweza kukaa rafuni miaka mingi likiwa na vinyweleo vyake vyote vya upya. Mpira huzeeka hata usipotumika. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kwa bei yoyote. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5, na liondolewe likifikisha 10.

Namba ya uzito pia isiwe chini ya ile iliyoagizwa na kiwanda. Namba 47 ni kilo 175 kwa tairi moja, 52 ni kilo 200, na 57 ni kilo 230. Rimu za spoki za zamani huhitaji tyubu, nayo iwe mpya na ya saizi iliyoandikwa kulingana na tairi. Tyubu ndogo iliyotanuka kujaza tairi kubwa huwa nyembamba, na kwenye gurudumu la mbele kupasuka kwake hakumpi dereva muda wa kufikiri.

Likishafungwa, zungusha gurudumu na utazame mstari mwembamba uliochorwa ubavuni karibu na rimu. Uwe na umbali uleule pande zote; ukizama sehemu moja, tairi halijakaa, na lifunguliwe upya. Kilomita 150 za mwanzo endesha kwa utulivu, kwani uso wa tairi jipya huteleza.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake katika kuichagua. Ulinzi huo hutegemea uwezo wako wa kuthibitisha kwamba ulimweleza. Kwa hiyo, pamoja na risiti ya EFD, mwombe muuzaji aandike nyuma yake aina na toleo la pikipiki, upana wa rimu uliompa, saizi kamili ya tairi pamoja na wiki na mwaka wake, kisha agonge muhuri. Piga picha ya maandishi hayo siku hiyohiyo, maana wino wa risiti hizo hufifia. Endapo tatizo litatokea, acha kulitumia tairi, usilikate wala kulitupa, na ulilete ofisini kwetu pamoja na risiti.