Mtafiti Chipukizi Naye Ahitaji Mlezi

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ukweli huo wahusu malezi ya wasomi pia. Mtu hawi mtafiti wa tiba kwa kutunukiwa shahada tu. Huwa mtafiti kwa kusimamiwa, kusahihishwa na kupingwa na wenzake.

Misingi tulikuwa nayo. Jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilianza mwaka 1923, nayo taasisi ya KEMRI ikaundwa mwaka 1979. Kilichokosekana ni chombo cha kumshika mkono mhadhiri kijana aliyelemewa na vipindi, asiye na msimamizi wa karibu wala fedha za kwenda nyanjani.

Ndipo mwaka 2008 ukaasisiwa muungano wa CARTA, ukiongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Muungano huo uliwateua wahadhiri wa vyuo washirika waliosomea uzamifu katika afya ya umma, ukawakutanisha katika semina nne, tangu kubuni swali la utafiti hadi kuandika makala. Busara yake ni kwamba kijana hakung'olewa kwao: alisajiliwa katika chuo cha Kiafrika, na alitarajiwa kurejea kufundisha.

Hapa Kenya, vyuo vilivyoshiriki mwanzoni ni Nairobi na Moi. Hata hivyo, ramani ya elimu imebadilika. Vyuo vikuu vya Meru na Chuka vilipata hati mwaka 2013, Embu mwaka 2016. Hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa na wamisheni wa Kiskoti mwaka 1922, i jirani. Wagonjwa wapo, maswali yapo, vijana wapo. Je, nani atawalea?

Jawabu si kungoja mfadhili. Vyuo hivi vitatu vyaweza kuandaa semina moja ya pamoja kila muhula, kuazimana wasimamizi, na kumpunguzia vipindi kijana aandikaye tasnifu.

Aidha, semina hizo zisisahau lugha. Mkulima wa miraa wa Maua aombwapo ridhaa kwa Kiingereza, hutia sahihi jambo asilolielewa. Hiyo si ridhaa. Mtafiti asiyeweza kueleza kazi yake kwa Kimeru, Kiembu au Kiswahili bado hajafuzu, hata akiwa na makala kumi majaridani.

Walimu na wanafunzi, shime! Mche usiomwagiliwa haulaumiwi kwa kunyauka.