MALARIA: KITABU KILICHOCHANIKA VIPANDE

Mvua za masika zinapokwisha, wodi yetu hujaa watoto wenye homa kutoka Kibiti na visiwa vya delta. Mama mmoja aliyemleta mwanawe kwa mara ya tatu alituuliza: "Nesi, mbona mwili wa mtoto huyu hauizoei malaria?"

Jibu limo katika kimelea chenyewe. Ndani yake mna maagizo ya urithi yaitwayo jenomu, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu za kikemia. Herufi hizo ni kama milioni 23, katika kromosomu 14. Wataalamu walianza kuzisoma mwaka 1996, wakatangaza matokeo Oktoba 2002.

Kwa nini kazi ilichukua miaka mingi? Mashine haisomi jenomu yote mfululizo, bali vipande. Chukua vitabu mia vya nyimbo vilivyo sawa, vichane vipande vya maneno machache, kisha jaribu kupata kitabu kimoja kamili. Utatafuta vipande ambavyo mwisho wa kimoja unafanana na mwanzo wa kingine. Beti zitakaa sawa, lakini kiitikio kinachorudi kila mara kitakuchanganya. Kazi hii hufanywa na programu za kompyuta, nazo pia huchanganyikiwa.

Palipozisumbua zaidi ni kwenye ncha za kromosomu. Huko ziko nyingi kati ya jeni kama 60 zinazofanana, ambazo kimelea huzitumia kama nguo. Mwili ukiitambua nguo moja, chenyewe huvaa nyingine. Hilo ndilo jibu la yule mama.

Baadaye zilikuja mashine zinazosoma vipande virefu vya maelfu ya herufi. Kipande kimoja hushika kiitikio pamoja na beti za pande zote mbili. Mwanzoni vipande hivyo vilikuwa na makosa mengi, lakini programu mpya hulinganisha vipande vingi vya mahali pamoja na kuyasahihisha. Mwaka 2018 zilichapishwa jenomu za vimelea 15 zilizounganishwa kwa njia hiyo, vikiwamo vya Kenya na Kongo.

Sisi tunafaidika vipi? Kitabu kikiwa kamili, mtaalamu akipima damu ya mgonjwa huona herufi iliyobadilika. Hivyo ndivyo lilivyoonekana mkoani Kagera badiliko katika jeni iitwayo K13, linalodhoofisha nguvu ya artemisinini, moja ya dawa mbili zilizomo katika dawa ya mseto. Utafiti wa Karagwe mwaka 2022 ulionyesha vimelea vikichelewa kutoka damuni, ingawa mseto uliendelea kuponya.

Wazee wa Rufiji wanakumbuka klorokwini ilivyoshindwa, ikaachwa mwaka 2001. Ikafuata SP, nayo ikachoka. Mseto wa ALu ulianza mwishoni mwa 2006. Ukichoka na huu, tutampa nini mtoto?

Basi tukumbuke:

1. Tupime damu kwanza. Si kila homa ni malaria.

2. Tumalize dozi ya siku tatu, hata nafuu ikija siku ya pili. Tusibakize vidonge vya kwenda navyo dunguni shambani.

3. Tumeze ALu pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Dozi ya pili ifuate baada ya saa nane.

4. Tulale ndani ya chandarua, hata tunapolinda mpunga.

5. Homa ikiendelea baada ya dozi, turudi hospitali upesi.