Beni: Homa yote si malaria, pima damu kabla ya kumeza dawa

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri wamezoea malaria. Kwa sababu ya mazoea hayo wengi hawapimi tena: joto likipanda, mtu anapita kwenye duka la dawa, ananunua vidonge kadhaa na kurudi nyumbani. Yaliyotokea Beni mwaka wa 2018 yanaonyesha hatari yake.

Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Mwanzoni mwa Septemba, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu karibu wagonjwa 2,000 wa malaria kwa juma moja jimboni, hadi mara nane zaidi ya wakati kama huo mwaka wa 2017. Magonjwa haya mawili yanaanza kwa namna moja: homa, kichwa kuuma, maungo kuuma, kutapika na kuishiwa nguvu. OMS ilikadiria kwamba hadi nusu ya watu waliopimwa katika vituo vya Ebola walikuwa na malaria tu.

Hapo kosa lilikuwa na bei pande zote mbili. Mwenye Ebola aliyejidhania ana malaria alibaki nyumbani akiambukiza jamaa yake. Mwenye malaria naye aliogopa kituo cha afya, ugonjwa ukamzidia. Tarehe 28 Novemba 2018, kampeni ya siku 4 ilianza Beni ili kuwapa dawa za malaria na vyandarua watu wanaofikia 450,000. Lengo lilikuwa kuokoa maisha na kupunguza homa zilizowachanganya waganga.

Kipimo cha dakika chache

Malaria inaletwa na vimelea vinavyoingia katika damu mtu anapoumwa na mbu jike wa aina ya anofeli. Kipimo cha haraka, TDR, kinahitaji tone moja la damu ya kidole, na jibu linapatikana kwa dakika 15 hadi 20 hivi. Vituo vya afya vinacho, na katika vijiji vingi reko pia wanakitumia.

Jibu likiwa hakuna malaria, homa ina sababu nyingine: labda tifoidi, labda ugonjwa wa mapafu. Kumeza dawa ya malaria hapo ni kupoteza siku ambazo mgonjwa hana.

Siku tatu, si mbili

Jibu likionyesha malaria, mganga anatoa dawa ya mchanganyiko, kama artesunati-amodiakini au artemeta-lumefantrini, kwa siku 3. Tatizo linaanza siku ya pili: homa imeshuka, mtoto anacheza, na mzazi anaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Vimelea bado vimo katika damu. Homa inaweza kurudi, na vimelea vilivyoponea vinaweza kuzoea dawa.

Jambo hilo liko karibu na mipaka yetu. OMS imethibitisha kwamba huko Rwanda, Uganda na Tanzania, vimelea vimeanza kuchelewa kuondoka katika damu ya wagonjwa wanaotumia artemisini. Mchanganyiko bado unaponya, ila unapaswa kulindwa. Ni kwa sababu hiyo pia OMS haikubali chai ya majani ya artemisia, inayonywewa na wengi, kama tiba wala kinga: hakuna anayejua kiasi cha dawa kilichomo katika kikombe.

Dalili zisizongoja kesho

Mtoto anayeshikwa na degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayepumua kwa shida, aliyepauka viganja au asiyeamka vizuri, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku. Malaria kali inatibiwa kwa sindano ya artesunati, na kwa watoto wa chini ya miaka 5 inaweza kuua kwa muda wa siku moja au mbili.

Mama mjamzito asingoje homa. Kuanzia mwezi wa nne, anapokwenda kupimisha mimba, anapewa dawa ya SP ya kumkinga, angalau mara 3 kabla ya kuzaa, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi.

Kwa watu wote, kinga ya kwanza ni chandarua chenye dawa, kwa kuwa anofeli anauma zaidi usiku. Kifungwe juu ya kitanda au mkeka, kingo zikunjwe chini ya godoro, kifuliwe polepole na kukaushwa kivulini. Kikigeuzwa kuwa wavu wa kuvulia samaki au uzio wa kuku, mbu wanapata njia. Nayo maji yaliyotuama karibu na nyumba yamwagwe au mashimo yafukiwe, maana ndimo anofeli anapotagia mayai.

Homa ikianza leo, damu ipimwe leo. Na dawa ikitolewa, imezwe mpaka kidonge cha mwisho.