Mizinga ya Dar es Salaam: Jinsi ya Kupima Habari za Vita

Tandale ni mtaa wa Dar es Salaam, upande wa kaskazini-magharibi. Siku hizi nyumba zimesongamana huko, na soko lake la nafaka lajulikana na wachuuzi wa mbali na wa karibu. Lakini mwaka 1914 mji ulikuwa mdogo, umekaa kando ya bandari, na pande hizo zilikuwa nje ya mji.

Tuseme mtoto mmoja wa Tandale ameambiwa na babu yake maneno haya: "Baba wa babu yangu alisimulia kwamba zilikuja ndege za Waingereza, zikaangusha mabomu mjini. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Watu wakatoka mjini mbio, wakaja kulala mashambani huku."

Je, habari hiyo ni kweli au si kweli? Mtu mvivu atasema, "Wazee hawasemi uwongo," akaishia hapo. Mvivu mwingine atasema, "Hizo ni hadithi tu," naye akaishia hapo. Wote wawili hawakufanya kazi. Mtu mwenye akili huichukua habari kama mchuuzi achukuavyo mchele: huupepeta, akatenga chuya na punje. Hautupi wote, wala haupiki wote.

1. Kumwuliza mzee

Kazi ya kwanza ni kusikiliza vizuri. Mtoto amwendee mzee wakati wa mapumziko yake, amwamkie, "Shikamoo, babu," kisha akae chini. Asimwulize, "Je, ndege zilikuja?" kwa kuwa swali la namna hiyo humtia mzee jibu kinywani. Amwulize, "Mlisimuliwa nini habari za vita vya Wadachi na Waingereza?" Kisha anyamaze.

Mzee akiisha kusema, aulizwe mambo matatu. La kwanza: nani alimwambia? La pili: huyo aliyemwambia aliona kwa macho yake, au naye aliambiwa? La tatu: palikuwa na jambo gani jingine wakati huo, kama mvua, mavuno, mfungo au harusi? Maneno yote yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na tarehe ya kuyaandika. Anayeandika asiyarekebishe maneno ya mzee ili yafanane na kitabu. Akifanya hivyo, amemnyamazisha shahidi wake.

2. Mambo yaliyotukia

Kazi ya pili ni kutafuta yaliyoandikwa. Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza ilitangaza vita juu ya Ujerumani. Dar es Salaam wakati ule ulikuwa mji mkuu wa nchi ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, na wazee waliwaita Wajerumani hao Wadachi. Mjini palikuwa na mnara wa simu ya upepo, yaani simu isiyo na waya, ambayo kwayo Wadachi waliweza kusema na meli zao baharini.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikuja mbele ya mji, ikapiga mizinga kwa ajili ya mnara ule. Siku zile zile Wadachi walizamisha chelezo kikubwa cha kutengenezea meli katika mlango wa bandari, ili adui asipate njia ya kuingia. Kisha watu wa serikali mjini wakapatana na Waingereza kwamba mji usipigwe. Lakini wakubwa wa Uingereza hawakuyakubali mapatano hayo.

Mwezi wa Novemba vita vilirudi. Jumamosi tarehe 28, manowari Fox na Goliath zilifika. Mashua ziliingia bandarini kukagua meli za Wadachi zilizokuwamo na kuziharibu mitambo isifanye kazi. Mashua zile zikapigwa risasi kutoka pwani. Ofisa mmoja, Henry Ritchie, alipata majeraha manane, na baadaye alipewa nishani ya Victoria Cross, iliyo kubwa kuliko zote za Uingereza kwa ushujaa. Manowari zikajibu kwa mizinga juu ya mji, na tarehe 30 zikapiga tena. Nyumba ya gavana iliharibiwa. Mwaka 1922 Waingereza walijenga nyingine mahali pale pale, nayo ndiyo Ikulu. Mji wenyewe ulitwaliwa na Waingereza tarehe 4 Septemba 1916.

3. Kupima kwa kalenda

Sasa tuirudie habari ya babu. Alisema ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mtoto aweza kuona neno hilo kuwa dogo, kumbe ndilo ufunguo.

Wakazi wengi wa pwani walihesabu miezi kwa mwandamo, wala si kwa kalenda ya Kizungu. Ukihesabu kurudi nyuma utaona kwamba Ramadhani ya mwaka 1332 wa Hijra iliandama katika siku za mwisho za Julai 1914. Basi tarehe 8 Agosti ilikuwa katikati ya mfungo. Neno la babu limesimama! Baba wa babu yake hakuwa na kalenda ya ukutani, lakini aliikumbuka njaa ya mchana na mlio wa mizinga pamoja, na mambo mawili yaliyofungamana hayasahauliki upesi.

Mzee mwingine akisema mizinga ililia Mfunguo Nne, yaani Muharram, naye asidharauliwe. Mwaka 1333 ulianza katikati ya Novemba 1914, na mizinga ya Novemba ililia katika mwezi huo. Wazee hao wawili hawagombani; kila mmoja ameshika siku yake.

4. Habari za ndege

Lakini babu alisema zilikuja ndege. Hapa pana shida.

Katika Agosti 1914 manowari za Waingereza katika pwani hii hazikuwa na ndege. Ya kwanza ililetwa mwezi wa Novemba kutoka Afrika ya Kusini. Umbo lake lilikuwa la mashua yenye mabawa, iruke na kutua juu ya maji, na mwenye kuirusha aliitwa Cutler. Haikuletwa kwa ajili ya mji wa Dar es Salaam. Ililetwa kwa ajili ya Königsberg, manowari ya Wadachi iliyoizamisha manowari Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha katika matawi ya mto Rufiji. Cutler aliruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, akaiona Königsberg katikati ya mikoko. Mwezi wa Desemba ndege yake iliharibika, akashuka mtoni, naye akatekwa.

Ndege zilizoletwa baada yake zilipata taabu nyingine. Hewa ya joto ni nyepesi, haichukui mabawa kama hewa ya baridi. Tena jua na unyevu viliilegeza gundi iliyoshikamanisha mbao. Nyingine zilishindwa hata kupanda juu na watu wawili. Mwisho zililetwa ndege za kutua nchi kavu, na uwanja ukafyekwa katika kisiwa cha Mafia.

Kazi yao kubwa haikuwa kuangusha mabomu, bali kuwa macho ya mizinga. Manowari mbili, Severn na Mersey, ziliingia mtoni Julai 1915, lakini wapigaji hawakuweza kuiona Königsberg kwa sababu ya miti. Basi mtu wa juu alitazama kila kombora lilipoanguka, akapeleka habari kwa simu ya upepo: limepita, limepungua, limekwenda kushoto. Tarehe 11 Julai ndege ya Cull na Arnold ilipigwa ikaanza kushuka, nao huku wakianguka wakaendelea kuwaelekeza wapigaji. Wote wawili waliokoka. Siku hiyo Königsberg iliharibika, na Wadachi wenyewe wakaizamisha.

Kwa hiyo mizinga ya Ramadhani ilitoka baharini, haikutoka angani. Ndege zimeingiaje katika habari ya babu? Si kwa uwongo. Habari ipitayo vinywa vingi hufanana na mto upitao mitaa mingi: huokota vitu njiani. Miaka ya baadaye ndege zilizidi katika vita. Tena vilikuja vita vingine, vya mwaka 1939 hata 1945, na vijana wengi wa Tanganyika walikwenda mpaka Burma, wakarudi na habari za mabomu ya ndege. Watoto waliosikia habari za vita viwili wakiwa wadogo waliweza kuzichanganya zikawa moja.

5. Mashahidi wanaposhindana

Mtoto asidhani kwamba mzee peke yake huweza kukosea. Karatasi nazo hushindana. Vitabu vingine husema Astraea ndiyo iliyouangusha mnara wa simu ya upepo; vingine husema Wadachi wenyewe waliuvunja usije ukatumiwa na adui. Vivyo hivyo habari za tarehe 28 Novemba. Waingereza walinung'unika kwamba mashua zao zilipigwa hali bendera nyeupe zimetwekwa. Wadachi nao walinung'unika kwamba walioruhusiwa kukagua walikuja kuharibu.

Hapo mchunguzi hujiuliza: aliyeandika alikuwa wapi, na alitaka nani aamini? Ofisa aandikaye katika daftari ya manowari saa ile ile ni shahidi mzuri wa saa na wa idadi ya makombora. Lakini aliuona mji kwa darubini tu. Mtu wa mjini alijua nyumba ipi iliwaka; lakini hakujua jina la manowari iliyoipiga. Kila mmoja huaminiwa katika lile aliloweza kuliona.

Daftari za manowari za Kiingereza zimewekwa London. Karatasi nyingi za serikali ya Wadachi zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

6. Mashahidi wasio na ulimi

Viko pia vitu visivyosema. Mizinga ya Königsberg ilitolewa mtoni, ikatumiwa katika vita vya nchi kavu. Mmoja uko Mombasa na mwingine Pretoria. Katika njia panda mjini Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Kando ya barabara ya Bagamoyo, si mbali na Tandale, yako makaburi ya vita.

Lakini hata makaburi hutaka akili. Mtu aliyaona mawe yale aweza kusema, "Hapa palipiganwa." Atakuwa amekosa. Makaburi 660 ya vita vya kwanza yalihamishwa hapo mwaka 1968 kutoka makaburi ya zamani karibu na bahari, kwa sababu ya kujengwa barabara. Jiwe lasema kweli juu ya jina, lakini halisemi mahali.

7. Wasioandikwa

Sasa limebaki neno la mwisho la babu: watu walitoka mjini wakaja kulala mashambani. Daftari ya manowari haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Ofisa aliyekuwa baharini aliandika makombora yake. Hakumwona mama aliyetoka nyuma ya nyumba amembeba mtoto mgongoni, kichwani ana chungu.

Jina la ofisa aliyejeruhiwa mara nane twalijua. Lakini wako wengi walioteswa na vita vile ambao hakuna jiwe lenye majina yao. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, wakichukua mizigo ya majeshi. Waingereza waliliita jeshi la wapagazi Carrier Corps. Watu wakalitamka Kariakoo, na neno hilo ndilo jina la soko na mtaa mjini hata leo. Kila siku maelfu hulitaja wakienda kununua vitunguu, wala hawajui kwamba wanawataja wafu.

Basi mtoto wa Tandale ataandika hivi katika daftari yake: mwezi ni kweli, ndege zimechanganywa na habari nyingine, kukimbilia mashambani kwaweza kuwa kweli, atafutwe mzee wa pili katika nyumba nyingine aulizwe. Babu asifichwe jambo hilo wala asiaibishwe, maana akisomewa aweza kukumbuka zaidi. Na kazi hiyo ifanywe upesi. Daftari za manowari ziko makabatini, zitangoja miaka mia mingine. Lakini wale waliosimuliwa na walioona wanapungua kila mwaka, na neno la mzee ambalo halikuandikwa huzikwa pamoja naye.

Maswali

1. Kwa nini si vizuri kumwuliza mzee, "Je, ndege zilikuja?"
2. Neno "Ramadhani" lilimsaidiaje mtoto kuijua siku?
3. Ndege za Rufiji zilifanya kazi gani?
4. Eleza jambo moja ambalo ofisa wa manowari aliweza kulijua, na moja ambalo hakuweza.
5. Mwulize mzee wa mtaa wako habari moja ya zamani. Iandike kama alivyosema, kisha ueleze utaipimaje.