Mafuta Kwenye Gurudumu la Lori: Tutafute Chanzo Kabla ya Kulaumiana

Familia nyingi zilizohama kwa sababu ya vita hutegemea lori. Lori ndilo linaloleta unga na maharagwe kambini, na ndilo linalobeba watu na vyombo vyao siku ya kurudi kijijini. Likiharibika njiani, maneno huanza. Dereva anaambiwa amekula pesa ya matengenezo, mwenye lori anadai limejazwa kupita kiasi, na wengine wanalitia kabila fulani ndani ya jambo hilo. Kumbe mara nyingi chanzo ni kitu kidogo: sili ya ekseli iliyochakaa. Tuielewe, ili tulinde maisha ya watu na tusigombane bure.

Sili ni nini?

Sili, ambayo mafundi wengi wa kwetu huiita spi, ni pete ya chuma yenye mdomo wa mpira. Katika malori mengi, mafuta mazito ya difu hupita ndani ya ekseli ya nyuma mpaka kwenye beringi za gurudumu, ili zisikauke. Sili hukaa upande wa ndani wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kuyazuia mafuta hayo yasiingie kwenye breki.

Sili ikichakaa, mafuta hulowesha viatu vya breki, vile vinavyobana ngoma ya chuma ili gurudumu lisimame. Kiatu kilicholowa hakibani vizuri, huteleza. Kwenye tambarare dereva anaweza asitambue. Lakini kwenye mteremko kama ule wa Ngomo, katika barabara ya Bukavu kwenda Uvira, lori lililojaa watu na magunia linahitaji breki za magurudumu yote.

Dalili za kuangalia

- Mafuta yanayong'aa, yaliyoshika vumbi, upande wa ndani wa gurudumu au tairi.
- Matone chini ya gurudumu baada ya lori kulala usiku.
- Harufu ya mafuta yanayoungua baada ya kufunga breki.
- Lori kuvutwa upande mmoja likifunga breki.
- Mafuta ya difu kupungua mara kwa mara.

Si kila mafuta yanatoka kwenye sili

Kabla ya kununua kipuri, fundi atambue ni mafuta gani. Yakiwa mepesi kama maji, na chupa ya mafuta ya breki imepungua, tatizo liko kwenye silinda ya breki ya gurudumu hilo. Lori la breki za upepo tupu halina mafuta hayo. Yakionekana upande wa nje, kwenye nati zinazofunga shafti, ni gasketi ya shafti iliyokatika. Ikiwa ni grisi nyeusi iliyoyeyuka, beringi imepata moto au ilijazwa grisi kupita kiasi. Lakini mafuta mazito yenye harufu kali kama ya kiberiti, yakitoka upande wa ndani, ni ya difu. Hapo sili ndiyo ya kushukiwa.

Fundi aulize pia kwa nini sili imeharibika. Tundu la kupumulia juu ya ekseli likizibwa na matope, ekseli ikipata moto hewa inakosa njia na kuyasukuma mafuta yapite kwenye sili. Difu kujazwa kupita kiasi huleta shida hiyo hiyo. Beringi iliyolegea hufanya habu icheze na kuila sili. Chanzo kisipoondolewa, sili mpya nayo itavuja.

Kazi ya kubadilisha

Kazi hii ni ya fundi mwenye uzoefu, lakini ni vizuri kiongozi ajue hatua zake:

1. Watu na mizigo washuke. Lori lisimame mahali tambarare, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe makubwa mbele na nyuma, kwa sababu breki ya mkono itaachiliwa ili ngoma itoke.
2. Ekseli iinuliwe kwa jeki, kisha iwekwe juu ya vigingi imara. Mtu asiingie chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake. Chemba ya breki ya upepo yenye springi isifunguliwe: springi yake inaweza kuua.
3. Gurudumu litolewe, shafti ivutwe, na mafuta yakingwe kwenye beseni. Yasimwagwe karibu na kisima au mto.
4. Nati za beringi zifunguliwe, habu itolewe, na sili ya zamani ing'olewe. Isirudishwe tena.
5. Beringi zioshwe na kukaguliwa. Mahali sili inaposugua paguswe kwa kidole: pakiwa na mfereji, sili mpya haitadumu.
6. Sili mpya iwe ya kipimo kile kile. Ipakwe mafuta, mdomo wake uelekee upande wa mafuta, na igongwe polepole kwa ubao ili iingie sawasawa.
7. Beringi zikazwe kwa kipimo cha kiwanda na nati zifungwe zisilegee. Gasketi ya shafti iwe mpya.
8. Viatu vilivyolowa vibadilishwe, pande zote mbili za ekseli. Kuviosha kwa petroli au kuvichoma hakuvirudishii nguvu. Vumbi la breki lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe.
9. Tundu la kupumulia lisafishwe, na difu ijazwe mpaka usawa wa tundu lake la kujazia.

Baada ya hapo, lori lijaribiwe bila watu. Likirudi, gurudumu liangaliwe tena kama ni kavu.

Viongozi wafanye nini?

Kabla ya kukodi lori, kamati na mwenye lori wakubaliane nani atalipa likiharibika, na uzito usiopaswa kupitwa. Asubuhi ya safari, wajumbe wawili wa kamati, mwanamume na mwanamke, wazunguke lori pamoja na dereva na kuangalia ndani ya kila gurudumu. Gurudumu likiwa limelowa, safari ingoje, hata kama watu wamekwisha kufunga mizigo. Na fundi akikuta kipuri kibovu, akionyeshe mbele ya wote. Watu wakiona kwa macho yao pete iliyokatika, uvumi unakosa pa kusimama. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.