Habari za wagonjwa wa Nyangwe zinalala wapi?

Kila mwisho wa mwezi, vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare vinajaza karatasi: wagonjwa wa malaria wangapi, watoto wangapi wamezaliwa, chanjo ngapi zimetolewa. Karatasi zinapelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, mara nyingi kwa pikipiki. Huko zinaandikwa ndani ya DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Njo inayotumiwa katika zoni 519 za inchi yetu.

Lakini ordinateri ya ofisi si ghala. Habari zinakwenda kulala ndani ya seva, mashine kubwa isiyozimwa. Seva moja ina nguvu kupita kazi ya programu moja, kwa hiyo mafundi wanaigawa. Ni kama nyumba kubwa ya kupangisha: paa ni la mwenye nyumba, lakini kila mpangaji ana mlango na kufuli yake. Kukiwa matata ndani ya chumba kimoja, kingine kinaendelea. Tena mpangaji anaweza kuhamishiwa nyumba ingine na vyombo vyake vyote, hata bila kuamka!

Programu ya kugawa iliyojulikana sana ni VMware. Mwezi wa 11 mwaka 2023 ilinunuliwa na Broadcom, na kulipa mara moja kukaisha; sasa ni kulipa kila muhula. Wengi wakageukia zile za bure, kama KVM, iliyo ndani ya Linux tangu 2007.

Asiye na nyumba anapanga kwa wengine. Njo wanaita "wingu". Jina linadanganya, sababu hakuna kitu juu mbinguni: ni majengo yenye walinzi na jenereta. Amazon ilifungua yake Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Kinshasa nako kuna OADC Texaf.

Sasa, zoni ya afya ichague nini? Seva ndani ya ofisi inaomba umeme usiku na mchana, baridi, na fundi wa karibu. Kasongo hayo matatu hayapatikani kwa urahisi. Kupanga mbali kunaomba mtandao tu, na ukikatika, DHIS2 ya kwenye simu inachunga habari na kuzituma baadaye. Kwa huku kwetu, kupanga kunafaa zaidi.

Ila kupanga si kulala usingizi. Tarehe 10 mwezi wa 3, 2021, moto uliteketeza jengo la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliopoteza kila kitu, juu kopi yao ilikuwa fasi moja na mali yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, zoni iulize: kopi ya pili iko mji gani? Na nani anashika ufunguo? Sheria ya kidijitali ya Congo, ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na ugonjwa wa mtu ni moja ya hizo. Daftari la karatasi la kituo, lenyewe, lisitupwe bado.